Boti ya Mjomba: Milimita Moja Inapindua, Milimita Moja Inashindisha!

WEWE unayesema boti ya rimoti ni mchezo wa watoto, hebu nipe dakika zako kumi tu. Mimi nami nilikuwa na mawazo kama yako mpaka nilipokwenda kumtembelea mjomba wangu, mzaliwa wa Tanga, ambaye siku hizi anaishi nje kidogo ya mji wa Houston, Marekani. Nilikaa naye wiki tatu mwezi Juni 2023. Niliporudi Bongo nilikuwa naota milimita!

Mjomba ni fundi mitambo mstaafu. Ana gereji, lakini gari linalala nje juani. Ndani ya gereji zinalala boti. Si meli za mapambo za kuweka juu ya kabati, la hasha! Ni boti za mashindano, urefu wa sentimita 75 hivi, uzito kilo 2 na ushee, na zikikolea mwendo zinakata maji kwa kilomita 80 kwa saa na zaidi. Ukigongwa nayo mguuni utasimulia ukiwa umelala.

NGALAWA ISIYO NA MTUMBWI

Wapwani mnaijua ngalawa: mtumbwi katikati, ndubi mbili pembeni. Sasa uondoe ule mtumbwi, ubaki na ndubi mbili peke yake, halafu uziunganishe kwa juu kwa sakafu bapa. Pale katikati panabaki njia ya hewa kuanzia omo mpaka tezi. Hiyo ndiyo boti ya handaki. Ikienda kasi, hewa inaingia mbele, inabanwa chini ya sakafu na kuinyanyua boti. Yaani nusu inaelea, nusu inaruka. Nyuma kabisa panabaki pangaboi na sehemu ndogo tu ya ndubi zinazogusa maji.

Hizi ndogo zimeiga zile kubwa zenye dereva ndani, ambazo Waitaliano wa ukoo wa Molinari, kule Ziwa Como, walizipatia sifa. Renato Molinari ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kwanza wa Formula One ya boti, mwaka 1981. Ndugu zetu walioko Ghuba wameziona zikinguruma pale Sharjah kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Tatizo ni moja, nalo ndilo roho ya habari hii. Hewa haina urafiki. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kunyanyua inaongezeka mara nne. Kwa hiyo hewa hiyohiyo inayokupa ushindi ndiyo inayokubinua mgongo chini tumbo juu, mchana kweupe, mbele za watu.

MACHO YA BABA, MIKONO YA BINTI

Nikakuta nyumbani kwa Mjomba kuna jambo. Presha ya macho imemla. Akiwa gereji na miwani yake na taa kali, anaona mkwaruzo wa unywele. Lakini boti ikishafika mita thelathini kwake ni ukungu mtupu. Miaka miwili alikuwa hajashika rimoti. Anayeendesha ni binti yake wa mwisho, miaka 18, ambaye mwezi Agosti alikuwa anaondoka kwenda chuo, jimbo la mbali. Mashindano ya Julai ndiyo yalikuwa ya mwisho kwao wawili kwa msimu ule, na pengine kwa misimu mingi.

Na boti yao mpya ilikuwa inapinduka! Walikuwa wameiunda tangu majira ya baridi kwa plaiwudi nyembamba na gundi ya epoksi, povu limejazwa ndani isizame, injini ya sentimita za ujazo 3.5 imening'inizwa tezini. Kila ikifika katikati ya mstari ulionyooka, omo juu, chali! Binti akaanza kujilaumu.

"Kaka, mimi ndiye sijui kuendesha," aliniambia jikoni kwa sauti ya chini. "Baba anajikaza tu asinivunje moyo."

Mke wa Mjomba naye akatia neno lake: "Nunueni injini nyingine muondoke na kelele zenu."

Mjomba akacheka. "Mama, injini kubwa itaipindua mapema zaidi. Hapa hatununui kitu. Hapa tunapima."

DAFTARI LENYE MISTARI

Jumamosi alfajiri tukaenda kwenye bwawa. Nikapewa kazi mbili: kushika saa, na kuandika kwenye daftari. Sheria ya Mjomba ni kali kuliko ya jeshi. Unabadili kitu KIMOJA, unajaribu, unaandika. Ukibadili viwili, boti ikawa nzuri hujui umshukuru nani, na ikiharibika hujui umshike nani.

Kwanza akailaza ile boti juu ya kioo cha dirisha alichokuja nacho, akapitisha rula ya chuma chini ya ndubi. Akanieleza. Tumbo la ndubi likiwa limebinuka kama utoto wa mtoto, boti inarukaruka kama pomboo. Likiwa limebonyea kwa ndani karibu na tezi, omo inasukumwa chini na boti inakokota kifua. Ukingo wa nyuma lazima uwe mkali, maji yakatike yaachie. Ukiuviringisha kwa msasa, maji yanaunganda na kuivuta. Ya kwao ilikuwa imenyooka safi. Tukaandika.

Binti akaipeleka majini. Mizunguko miwili, halafu chali!

Mjomba hakuuliza kwa nini. Aliuliza hivi: "Ilirukaruka kwanza, au iliinuka mara moja?"

"Iliinuka tu, Baba. Taratibu, kama mtu anafungua mlango."

"Basi si wewe. Ni hewa. Anayerukaruka ana ugonjwa wa maji, anayefungua mlango ana ugonjwa wa hewa."

Msomaji wangu, nilimwona yule binti akishusha mabega. Wiki nzima alikuwa amebeba mzigo usio wake.

Mjomba akapunguza pembe ya injini kidogo sana, ile shafti ya pangaboi isielekeze omo juu. Ikaacha kupinduka, lakini ikawa nzito, imelala kwenye maji kama mamba aliyeshiba. Nikaandika. Akarudisha pembe pale pale ilipokuwa, halafu akasogeza betri ya kipokezi mbele milimita 6, ili uzito uelemee omo. Sentimita 22 kutoka tezini, hapo ndipo boti ilipokaa sawa juu ya vidole viwili. Binti akaiachia. Haikupinduka, na safari hii ilikuwa nyepesi!

Kisha zamu ya kimo cha injini. Ile sehemu ya chini ya injini ikizama sana inaburuza maji. Ukiiinua, mwendo unapatikana. Akainua milimita moja na nusu. Mlio ukawa mwembamba, saa yangu ikaonyesha nusu sekunde imepungua kwa mzunguko. Akainua tena kiasi kilekile. Lo! Kwenye kona injini ikapiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa, boti haiendi.

"Pangaboi inakula upepo," akasema Mjomba, akiwa amegeuzia bwawa mgongo. Hakuona chochote. Alisikia tu. Akashusha nusu yake, na hapo tukapaacha.

Sindano ya kabureta hakumpa mtu. Ukiifunga sana, mafuta yanapungua, na kwa kuwa oili ya injini hizi imechanganywa ndani ya mafuta yenyewe, injini inakauka na kuungua. Ukiifungua sana inakohoa moshi na kulegea. Aliirekebisha kwa sikio, kidogo kidogo.

JULAI, NA UPEPO JUU

Siku ya mashindano ukaja upepo wa kutosha kupeperusha vitambaa vya meza. Mimi nilikuwa nimesharudi Dar, lakini binti alinipigia simu ya video jamaa yao mmoja akiwa ameishika, kwa hiyo niliona. Hebu piga hesabu: boti inakwenda kilomita 80, upepo wa kilomita 20 unakuja usoni. Kwa boti, hewa ile ni ya kilomita 100. Nguvu ya kunyanyua imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na boti ni ileile!

Hapo wakabishana. Mjomba alitaka daftari lifuatwe kama lilivyo. Binti akasema: "Baba, kule mbali huoni. Omo inatapatapa. Nipe milimita tatu nyingine za betri."

Kimya kidogo. Halafu yule mzee aliyekuwa hamruhusu mtu kugusa hata bisibisi yake akampa binti bisibisi. "Dereva ndiye mwenye macho," akasema. "Fungua mwenyewe, na uandike."

Raundi nne. Boti zilikuwa zinazunguka mwendo wa saa kama kawaida yao, na upepo ulikuwa unazivuna moja moja upande wa pili wa bwawa. Ya kwao haikupinduka hata mara moja. Walishika nafasi ya pili, nyuma ya jamaa mmoja aliyekuwa na mwendo mkali zaidi. Mjomba hakuuliza kuhusu kikombe. Aliuliza: "Milimita tatu umeziandika?"

KAMA UMESHAWASHWA

Ukitaka kujaribu, usianze na injini ya mafuta. Siku hizi mota za umeme na betri za lithiamu zinakwenda kasi ileile bila moshi, ila betri hizo usiziache zinachaji ukatoka nyumbani, zinaweza kuwaka moto. Kwa wa mafuta, methanoli ni sumu, na ikiwaka juani moto wake karibu hauonekani. Na ukinunua pangaboi la mchanganyiko wa shaba na beriliamu, usilipige tupa kavu. Vumbi lake linaharibu mapafu. Vaa barakoa, lowesha msasa maji. Tena usirushe boti mahali watu wanaogelea, hata kama ni mara moja tu.

Binti sasa yuko chuoni. Daftari alilichukua yeye, Mjomba akabaki na kopi. Jumapili wanapigiana simu: yeye anasema boti imefanya nini, baba anamjibu kwa milimita.

Nawe mwenzangu, nyumbani kwako kuna kitu kinachopinduka kila siku? Kabla hujanunua kipya, na kabla hujamlaumu dereva, badili kimoja, jaribu, andika. Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!