UZI: "Sisi ni nchi ya kipato cha kati." Kwa mizani gani?

1/ Hapa Osiri siasa ikipamba moto, mmoja atasema Kenya imepanda daraja, mwingine atasema bado tu maskini wa kutupwa. Wote wanaweza kuwa sawa, maana mizani si moja. Hebu nieleze tatu.

2/ Ya Benki ya Dunia hutazama pesa tu: kipato cha taifa kwa mwaka, kigawanywe kwa idadi ya watu. Mwaka 2014 mpaka wa kuingia kipato cha kati ulikuwa dola zaidi ya 1,045. Septemba mwaka huo Kenya ilikokotoa uchumi wake upya, ukaonekana mkubwa kwa karibu asilimia 25. Tukavuka! Lakini hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Kilichobadilika ni hesabu.

3/ Halafu wastani una ujanja wake. Tuseme wachimbaji 9 wa dhahabu hapa kwetu wanapata shilingi 10,000 kwa mwezi kila mmoja, na mnunuzi wao anapata 910,000. Wastani wa hao kumi ni 100,000. Sasa muulize mchimbaji hiyo laki iko wapi.

4/ Ya pili ni ya UNDP, tangu 1990: umri wa kuishi, masomo, na kipato. Hapo Kenya iko kundi la kati. Sisi wa Migori na Homa Bay, ambako UKIMWI umezika wengi, tunajua kwa nini umri lazima uhesabiwe.

5/ Ya tatu ni orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, ilianza 1971. Inapima kipato, afya na elimu, na jinsi uchumi unavyoyumba kirahisi. Kenya haimo. Vuka Isebania uingie Tanzania: Benki ya Dunia iliipandisha kipato cha kati mwaka 2020, lakini kwenye orodha hii bado imo!

6/ Jina tu hilo? La, lina bei. Nchi za orodha hiyo huuza Ulaya bila ushuru. Oktoba 2014, mkataba wa biashara ulipochelewa, maua ya Kenya yalitozwa ushuru hadi Desemba. Ya Tanzania na Uganda hayakuguswa. Na chanjo je? Kadiri kipato cha wastani kinavyopanda, ndivyo msaada wa Gavi unavyopungua na serikali kulipa zaidi. Kwa hiyo "tumepanda" maana yake pia ni "tujilipie". Zahanati isipotengewa pesa, anayeumia ni mtoto wa yule wa 10,000.

7/ Basi mkisikia "tumepanda daraja", msishangilie wala kuzomea kwanza. Ulizeni matatu: Mizani gani? Nani kapanda? Na bajeti imeweka shilingi ngapi kuziba pengo la msaada unaoondoka?