Vitamini za Kupaka na Vitamini za Kula

Ngozi ni ukuta, kwa kuwa tabaka lake la juu kabisa, lililoundwa na seli zilizokufa na kushikamanishwa na mafuta, huzuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Kwa hiyo dawa ya kupaka haina budi kuwa na molekuli ndogo, ambayo kwa kawaida haizidi daltoni 500, daltoni ikiwa kipimo cha uzito wa molekuli.

Niasinamidi, aina ya vitamini B3 yenye daltoni 122 tu, hupenya ukuta huo, na ikiwa ni asilimia 4 ya krimu hutuliza uvimbe wa chunusi. Tretinoini, itokanayo na vitamini A, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971 kutibu chunusi, ingawa huwasha ngozi na haifai kwa mjamzito; nayo kalsipotrioli, jamaa ya vitamini D, hupunguza kasi ya kuzaliana kwa seli katika soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba.

Hata hivyo, yapo maradhi ya ngozi ambayo chanzo chake hakimo ngozini. Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo (DRC), ni mji wa walaji wa bukari, yaani ugali wa mahindi, na mahindi, ingawa yana niasini, aina nyingine ya vitamini B3, huifunga kiasi kwamba utumbo huipata kidogo tu; anayekula mahindi bila kitoweo cha kutosha anaweza kupata pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, ambao huchubua na kuifanya nyeusi ngozi ipigwayo na jua. Nchini Malawi, mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliugua baada ya karanga kukosekana katika mgao wao. Tiba ya pelagra ni vidonge vya niasinamidi, miligramu 300 kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na karanga au samaki, kama wale wa maziwa ya Upemba.

Mawese nayo huonyesha kwamba kula si sawa na kupaka: karotini zake hugeuzwa kuwa vitamini A zikiliwa, lakini yakipakwa hulainisha tu, wala hayashiki nafasi ya tretinoini. Kwa hiyo dalili za pelagra, yaani mabaka yanayofanana mikono yote miwili na kuzunguka shingo, yakiandamana na kuhara, humpeleka mgonjwa zahanati na kwenye sahani yake kabla ya duka la krimu.