Vidonge vya Bure, Chupa ya Bei na Kikombe cha Chai

Jirani yangu mjamzito wa Bahati alitoka kliniki na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa bure, akavitupia kwenye droo, kisha akapanda matatu hadi Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru kununua chupa ya vitamini ya shilingi elfu mbili na ushee.

“Hivi vya serikali havina nguvu,” aliniambia. “Hata rangi yake ni ya huzuni.”

Tuliviweka vyote mezani tukasoma maandishi madogo. Cha kliniki: chuma miligramu 60, asidi ya foliki maikrogramu 400. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama mjamzito apate chuma miligramu 30 hadi 60 kila siku, na foliki hizo hizo 400. Chupa yake ilijaa vitamini chungu nzima, lakini chuma kilikuwa 17 tu.

Kuna mtego mwingine. Namba kubwa iliyo mbele ya pakiti mara nyingi ni uzito wa chumvi iliyobeba chuma, si chuma chenyewe. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina chuma kama 35. Ferasi salfeti kavu ya 200, ambayo ni rahisi zaidi, ina 65. Ni sawa na kupima gunia la viazi vya Molo pamoja na udongo wake.

Si kwamba bei haina maana kabisa. Vitamini E itokayo kwenye mimea hushinda ile ya kiwandani kwa kipimo kilekile, na magnesiamu sitreti huingia mwilini vizuri kuliko oksidi ya bei nafuu. Kwa foliki mambo hugeuka: ya kiwandani hufyonzwa vizuri kuliko ile iliyomo kwenye managu na terere.

Nikamuuliza huwa anamezea nini. Chai, bila shaka; Kericho si mbali, nani atamezea maji? Lakini chai huzuia chuma kufyonzwa, kiwe cha bure au cha bei. Muuguzi wa kliniki akamwambia amezee maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili.

Akarudia vidonge vya droo. Siku ya nne alinipigia simu usiku, sauti imemkauka: choo kimekuwa cheusi tititi. Nikamweleza kwamba ni kawaida, ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa.

Akanyamaza kidogo. “Kumbe vina nguvu,” akasema.