Kufundisha Habari za Mapango: Jiwe Linavyohifadhi Kumbukumbu za Mvua

Birika linalochemshiwa maji ya kisima katika miji ya pwani hufanya utando mweupe ndani yake. Mwalimu anayetaka kufundisha habari za mapango ya mawe ya chokaa yafaa aanzie hapo, wala asianzie kwenye majina ya stalaktiti na stalagmiti, ambayo watoto huyakariri na kuyachanganya. Utando ule na nguzo za Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, asili yao ni moja.

Maji ya mvua yapitapo udongoni huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo kwenye mizizi na majani yanayooza, yakawa asidi hafifu iyeyushayo jiwe. Yafikapo pangoni hukuta hewa yenye kaboni dayoksaidi kidogo kuliko ile ya udongoni. Basi hewa hiyo hutoka katika tone, na chokaa ikabaki. Jambo hili twaweza kulionyesha darasani. Kikombe kimoja cha maji ya chokaa yaliyotuama kizimuliwe kwa vikombe kumi vya maji ya mvua, kisha mwalimu mwenyewe (si mtoto, kwani maji ya chokaa huunguza) apulizie kwa bua la jani la mpapai. Maji yatakuwa meupe; akiendelea kwa subira yatarudi kuwa maangavu; yakichemshwa, weupe utarejea. Sisi mara ya kwanza tulisahau kuyazimua, tukapuliza mpaka pumzi zikatuishia mbele ya darasa zima, na maji yakabaki meupe vile vile.

Kwa kuwa jiwe hili huongezeka tabaka juu ya tabaka, wataalamu hulisoma. Mwaka 2003 Dominik Fleitmann na wenzake walitoa habari za stalagmiti ya pango la Qunf, kusini mwa Oman, nchi ipatayo manyunyu ya pepo za kusi, zile zile zinazojulikana sana na mabaharia wetu. Umri wa tabaka ulipimwa kwa urani na thori. Urani huyeyuka majini ikaingia katika jiwe, lakini thori ni shida kuyeyuka. Kwa hiyo thori inayokutwa humo, karibu yote, imezaliwa na urani hiyo kwa kadiri miaka ilivyopita. Kiasi cha mvua kilikisiwa kwa oksijeni, kwani zipo nyepesi na nzito, na katika nchi hizo mvua ikiwa nyingi huwa na oksijeni nzito pungufu. Ilionekana kwamba tangu miaka 8,000 hivi iliyopita mvua za kusi zilipungua polepole, kadiri jua la kiangazi lilivyopungua nguvu katika nusu ya kaskazini ya dunia.

Hapa twamwomba mwalimu asiende mbio. Mwanafunzi hodari atauliza: mmejuaje kwamba tone limeleta habari za mvua, wala si za pango lenyewe? Swali hili ni zuri kuliko jibu lolote la kukariri. Upepo ukiingia pangoni na kulikausha tone, oksijeni nyepesi hutangulia kutoka, na jiwe litasimulia ukame ambao haukuwako. Tena yako mapango ambamo jiwe hukua miezi fulani tu ya mwaka. Ndiyo sababu hapana budi pango liangaliwe mwaka mzima au zaidi: hupimwa joto, unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewa, matone huhesabiwa, mvua ya nje hupimwa, na kipande cha kioo huwekwa chini ya tone kipokee chokaa mpya ilinganishwe na maji yaliyoileta.

Shule iliyo mbali na pango isikate tamaa. Makopo mawili yatobolewe tundu dogo chini, moja lijazwe mchanga, la pili udongo wenye mfinyanzi kidogo, yamiminiwe maji sawa. Watoto wahesabu matone kila dakika na kuchora grafu mbili. Kwenye mchanga matone yatakuja upesi na kwisha upesi. Kwenye udongo yatachelewa, na pengine kipindi kitakwisha yakiwa bado yanadondoka. Kopo hilo liachwe hadi kesho, na zamu ya kuhesabu ipangwe.