Mwanagenzi wa Sataranji

Katika vilima vya Kibingo, huko Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, mchezo wa bao lenye mashimo 32 na kete 64 si mgeni. Ng'ambo ya pili ya mto Kagera Waganda huuita omweso, na Wanyarwanda huuita igisoro. Katika mchezo huu hakuna kutupa dadu, wala hakuna kitu kilichofichwa. Kete zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili, naye ashindaye hushinda kwa sababu amehesabu vema na kuona mbele kuliko mwenzake.

Sataranji ni ndugu wa bao kwa jambo hilo. Ubao wake una miraba 64 na kete zake ni 32, yaani hesabu zile zile za bao zimegeuzwa. Wenye elimu husema kwamba mchezo huu ulianza Bara Hindi, karibu na karne ya 6. Wahindi waliuita chaturanga, neno ambalo maana yake ni "viungo vinne", yaani sehemu nne za jeshi: tembo, magari ya vita, farasi, na askari wa miguu. Kutoka huko ulifika Uajemi, kisha Waarabu wakaupokea wakauita shatranji. Na neno hilo lilipofika pwani ya Waswahili likawa sataranji. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 15, watu wa Ulaya walimpa malkia nguvu kubwa aliyo nayo hata leo.

Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Shabaha ya mchezo ni kumfunga mfalme wa adui, yaani kumtisha hata asiwe na mahali pa kukimbilia, wala wa kumkinga, wala njia ya kumwondoa yule anayemtisha.

Mwalimu asiyeonekana

Zamani mtu aliyetaka kucheza sataranji hakuwa na budi kutafuta ubao, kisha kutafuta mtu anayeujua mchezo. Siku hizi simu yenye intaneti yatosha. Kiko kiwanja kiitwacho Lichess, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambacho hakimtozi mchezaji ada yo yote. Mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kujifunza kazi au mchezo, aweza kukaa chini ya migomba ya Kibingo akacheza na mtu aliye Brazili au Bara Hindi, na wote wawili wasijuane kwa sura wala kwa lugha.

Hii ni baraka kubwa, walakini ina mtego wake. Intaneti humpa mwanagenzi wapinzani wasio na mwisho, lakini mpinzani akiisha kushinda huenda zake. Hakai kueleza kosa lilikuwa wapi. Kwa hiyo mtu aweza kucheza michezo 1,000 kwa mwaka mmoja, naye akabaki pale pale alipokuwa. Mwenziwe aweza kucheza michezo 100 tu akampita mbali. Tofauti yao haitoki katika idadi ya michezo. Hutoka katika yale wanayofanya baada ya mchezo kwisha.

Nguvu za mwanagenzi

Kijana aliyekulia katika bao haanzi mikono mitupu. Kwanza, amezoea kuhesabu. Mchezaji wa bao hutazama kete zitakazopandwa shimo kwa shimo, akajua zitaishia wapi kabla ya kuzigusa, na sataranji nayo humtaka mtu aseme moyoni, "Nikienda hapa, ataenda pale, nami nitajibu hivi."

Pili, ana kumbukumbu nzuri. Mchezo aliocheza jana aweza kuusimulia leo. Tatu, ana ushujaa. Haogopi kushambulia, wala hatishwi na jina la mpinzani, kwa maana halijui. Nguvu hizi ni za kweli, na mwalimu mwema hazizimi. Lakini nguvu ikikosa uongozi hugeuka kuwa hasara, kama maji ya mvua yasiyochimbiwa mfereji, ambayo huchukua udongo wa shamba.

Udhaifu wake

Udhaifu wa kwanza ni kutazama shauri lake mwenyewe tu na kusahau shauri la mwenzake. Tazama mfano huu, ambao huwapata wanagenzi wa nchi zote.

Mweupe huanza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme miraba miwili, na mweusi hufanya vivyo hivyo. Mara mweupe humtoa malkia wake, akamweka ukingoni mwa ubao. Mweusi hutoa farasi amlinde askari wake. Mweupe humtoa askofu. Sasa malkia na askofu wote wawili wanamlenga askari mmoja mweusi, yule aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Na askari huyo hana mlinzi ila mfalme peke yake. Lakini mwanagenzi mweusi haoni hayo. Anamwona malkia tu, na kusema moyoni, "Malkia yule nitamtisha." Anatoa farasi wa pili kwa furaha. Mweupe anamla yule askari kwa malkia, na mfalme mweusi amefungwa. Hawezi kumla malkia, kwa sababu askofu anamlinda kwa mbali. Wala hana pa kukimbilia. Mchezo umekwisha kwa hatua nne.

Kama mweusi angaliuliza, "Malkia huyu amekuja kutafuta nini?" angaliona hatari. Dawa yake ni nyepesi: kumsogeza mraba mmoja askari aliye mbele ya farasi wa upande ule. Askari huyo mdogo husimama kati ya malkia na mawindo yake, na papo hapo humtisha malkia, hata hana budi kuondoka. Hapo taabu humgeukia mweupe. Malkia wake hukimbizwa huku na huku, na kila anapokimbia, mweusi hupata nafasi ya kutoa kete nyingine vitani. Kwa hiyo hila ile huwashinda wasiojua, lakini humwadhibu aitumiaye kwa wanaojua.

Udhaifu wa pili ni haraka. Katika intaneti kuna saa, na mchezaji huchagua muda wake mwenyewe. Wako wanaocheza mchezo mzima kwa dakika moja au tatu kila mmoja. Mambo hayo huchangamsha, lakini mwanagenzi hapati nafasi ya kufikiri, naye huzoeza mkono wake kutangulia akili. Haraka haraka haina baraka.

Udhaifu wa tatu ni tamaa. Kete iliyoachwa bila mlinzi huonekana kama zawadi, naye huila pasipo kuuliza kama ni chambo. Na hali akikimbilia za mwenzake, huziacha zake mwenyewe bila ulinzi.

Udhaifu wa nne ni mkubwa kuliko yote, nao hauko ubaoni. Ni hasira ya kushindwa. Mwanagenzi akishindwa mara moja hutaka kulipiza upesi. Hufungua mchezo wa pili, na wa tatu, na wa nne, akiwa na moyo uliochafuka. Usiku huenda, masomo ya shule hukaa bila kusomwa, na fedha za intaneti huisha. Mwisho husema kwamba mpinzani alibahatika, au mtandao ulikatika. Nyani haoni kundule.

Kipimo na maana yake

Kila mchezaji wa intaneti hupewa nambari ionyeshayo uwezo wake. Asili ya kipimo cha namna hii ni kazi ya Arpad Elo, mwalimu wa fizikia huko Marekani, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1903. Shirikisho la Sataranji la Dunia lilikikubali kipimo chake mwaka 1970, na viwanja vya intaneti hutumia vipimo vilivyotokana na wazo lake. Wachezaji wawili wenye nambari sawa hutazamiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa 200, hutazamiwa kupata kama pointi 76 katika kila michezo 100. Akimzidi kwa 400, hutazamiwa kupata kama 91.

Basi hata mchezaji aliye bora hushindwa mara nyingine, na hilo si jambo la aibu. Nambari ni kama kipimajoto mkononi mwa mganga: huonyesha homa, lakini haiiponyi. Wako wachezaji wanaoipenda nambari kuliko mchezo, hata huuliza mashine kwa siri iwaambie hatua ya kucheza. Nambari yao hupanda, na akili yao hubaki chini. Huo ni wizi, na kwa kawaida viwanja vya intaneti huwafukuza wanaougundulika nao.

Njia ya kuendelea

Njia ni ya hatua chache, nazo hazihitaji mali.

Ya kwanza ni kucheza michezo michache, lakini ya muda mrefu. Dakika kumi na tano au zaidi kwa kila mchezaji. Kabla ya kila hatua mwanagenzi ajiulize maswali matatu: Mwenzangu anataka nini? Kete zangu zote zina ulinzi? Je, iko hatua nyingine iliyo bora kuliko hii niliyoiona kwanza?

Ya pili ni kuanza mchezo kwa utaratibu. Atoe farasi na maaskofu mapema, amweke mfalme mahali salama, wala asimtembeze malkia peke yake kama jemadari aliyeacha jeshi nyumbani.

Ya tatu ni kutatua mafumbo machache kila siku, ambayo hupatikana bure katika viwanja hivyo. Mafumbo matano yaliyofikiriwa vema yafaa kuliko hamsini yaliyokisiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya nne ndiyo moyo wa njia yote: kuuchunguza mchezo ulioshindwa. Intaneti huhifadhi kila hatua. Mwanagenzi aurudie mchezo polepole, atafute yeye mwenyewe mahali alipopotea, na kuandika katika daftari kosa lake kwa maneno machache: "Sikuuliza kwa nini malkia alikuja." Akiisha kufanya hivyo ndipo aiulize mashine. Iko programu iitwayo Stockfish ambayo huwashinda hata mabingwa wa dunia, nayo hutolewa bure. Lakini mashine husema tu hatua ipi ni njema; sababu iliyompoteza mtu ndani ya moyo wake haiijui. Baada ya majuma machache daftari litaonyesha kosa lile lile likirudi mara kwa mara, na hilo ndilo adui wa kupigwa kwanza.

Msichana wa Katwe

Mtu akiondoka Kibingo akavuka mto Kagera huko Murongo, huingia nchi ya Uganda, na barabara humpeleka mpaka Kampala. Katika jiji hilo kuna mtaa wa maskini uitwao Katwe, na huko alikulia Phiona Mutesi. Baba yake alifariki angali mdogo, naye akaacha shule kwa kukosa ada. Mwaka 2005 alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Njaa ndiyo iliyomvuta. Aliyemwonyesha kwanza jinsi kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, naye hakuona haya kufundishwa.

Mwaka 2010 alikwenda kuichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Huko alishindwa michezo mingi kuliko aliyoshinda. Hakuacha. Alirudi kwa mwalimu wake akaendelea kujifunza, na katika Olimpiadi ya mwaka 2012 huko Istanbul alipata cheo cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya wanawake. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Northwest, huko Marekani, na mwaka 2016 habari zake zilionyeshwa katika filamu.

Phiona alikuwa na Katende wa kumketisha na kumwonyesha makosa yake. Mwanagenzi wa Kibingo huenda hana mtu wa namna hiyo karibu. Basi daftari lake na ukweli wake mwenyewe havina budi kushika nafasi ya mwalimu mpaka mwalimu apatikane. Na akipata mwenzi mmoja kijijini wa kuchunguza naye michezo, wote wawili watakua. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini akubaliye, kisha akaketi kutafuta sababu, huyo ameanza kuwa mchezaji.

Maswali

1. Bao na sataranji hufanana kwa mambo gani?
2. Kwa nini mchezaji aweza kucheza michezo mingi asiendelee?
3. Eleza jinsi mfalme mweusi alivyofungwa kwa hatua nne. Angaliokolewa na askari gani?
4. Kwa nini mwanagenzi atafute kosa lake kabla ya kuiuliza mashine?
5. Taja kazi au somo lingine ambalo daftari la makosa laweza kumfaa mwanafunzi, na ueleze namna gani.