Printa Mpya Nyumbani: Kuiunganisha na Waifai Bila Kuacha Mlango Wazi

Hivi karibuni mama mmoja mkazi wa Kajaga alifika kwetu akiwa na karatasi tatu mkononi. Hakuja kumshtaki mtu. Printa aliyoinunua ili awatolee nakala za vitambulisho wasafiri waendao Uvira ilikuwa imezichapisha karatasi hizo usiku bila kuagizwa, na ya juu yake ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto asiyemjua. "Afande, nikikutwa nazo kizuizini nitasema ni za nani?" alituuliza.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu sisi tukaao kando ya barabara ya taifa namba 4, kati ya Bujumbura na mpaka wa Gatumba, karatasi yenye jina la mtu mwingine si kitu cha kuchezea. Tulipofuatilia, tulikuta si uchawi wala udukuzi. Jirani wa upande wa pili wa ukuta naye alikuwa na printa ya aina ileile. Alipotafuta mashine yake katika simu, majina mawili yanayofanana yalijitokeza, naye akachagua lililotangulia. Kwa hiyo tumeona tueleze kazi hii tangu mwanzo.

Kwanza, wekeni printa karibu na ruta siku ya kuiunganisha. Mnaweza kuihamisha baadaye. Ruta nyingi mpya hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, lakini printa nyingi za bei nafuu husikia yale ya 2.4 tu. Hii ndiyo sababu mtu huona jina la mtandao wake katika simu na asilione katika printa, akadhani ameuziwa mashine mbovu. Chagueni mtandao wa 2.4, ambao pia hupenya kuta za matofali vizuri zaidi.

Printa yenye kioo haina taabu: fungueni sehemu ya mtandao, chagueni jina la waifai yenu, andikeni nenosiri mkizingatia herufi kubwa na ndogo. Isiyo na kioo huunganishwa kwa programu ya mtengenezaji, inayowekwa katika simu. Zipo pia printa na ruta zenye kitufe cha WPS: hubonyezwa cha ruta, kisha cha printa kabla ya dakika mbili kupita. Kitufe hicho hakina ubaya mkubwa. Namba ya siri ya WPS, ile ya tarakimu nane, ndiyo iliyobainika tangu mwaka 2011 kuwa inaweza kukisiwa na kompyuta kwa muda wa saa kadhaa. Izimeni katika ruta.

Nyumba nyingi hazina ruta. Intaneti hutoka katika simu ya baba au ya kijana mkubwa. Printa hukubali kujiunga na simu hiyo, na kuchapisha waraka uliokwisha kuhifadhiwa hakuli bando, kwa kuwa maneno husafiri baina ya simu na printa tu. Lakini simu ikiondoka kwenda Gatumba sokoni, printa hubaki kiziwi. Kwa familia ya namna hiyo, waya wa USB bado ni jibu la heshima, na hakuna jirani atakayechapisha kupitia kwenye waya wenu.

Sasa tufike kwenye kisa cha yule mama. Hata baada ya kujiunga na waifai ya nyumbani, printa nyingi huendelea kurusha mtandao wao mdogo, ambao jina lake aghalabu huanza na neno DIRECT. Umewekwa ili simu iliyo karibu ichapishe bila ruta. Katika baadhi ya printa nenosiri lake la kiwandani ni 12345678, na kuna zisizouliza nenosiri lolote. Huo ndio mlango. Kama hamuutumii, uzimeni. Kama mnautumia, badilisheni nenosiri. Badilisheni pia jina la printa, lakini msiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba. Mwisho wa mwaka 2018 mtu mmoja alidai kuzichapishia printa zipatazo 50,000 duniani ujumbe wa kumsifu mtangazaji wa YouTube. Hakuvunja kufuli lolote: alitafuta printa zilizoachwa wazi kwenye intaneti.

Wenye vibanda vya nakala tunawasihi zaidi. Mteja hutuma picha ya karangamuntu yake kwa WhatsApp, hulipa, huondoka. Picha hubaki katika simu yenu miezi na miezi. Simu ikiibwa, vitambulisho vya mtaa mzima vimeibwa, na mwizi ana malighafi ya kughushi. Futeni picha mteja akiwa bado amesimama mbele yenu. Msimpe nenosiri la ruta kwa ukarimu. Na kabla ya kuuza printa kuukuu, irudisheni katika hali ya kiwandani, kwa sababu huhifadhi nenosiri la waifai yenu, na baadhi huhifadhi hata nyaraka. Burundi ina sheria ya makosa ya mtandaoni tangu mwaka 2022, lakini sheria hufika baada ya madhara.

Printa yenu ikitoa karatasi msizozijua, msizichome, msizipige picha, wala msizitume katika kundi la mtaa kumtafuta mwenyewe. Andikeni saa zilipotoka, kisha zileteni kwa chifu wa mtaa au kwetu, kama alivyofanya yule mama. Cheti kile kilimrudia baba wa mtoto siku hiyohiyo, naye alikuwa akikihitaji kwa safari ya kesho yake.