Saa za Mwalimu Baada ya Kengele

Katika Port Reitz, upande huu wa bara wa Mombasa, mwalimu hujizoeza mapema kuzisubiri ndege. Yumo katikati ya maelezo yake, chaki i mkononi, mara ndege inateremka kuelekea Uwanja wa Moi. Naye husita, akauacha mngurumo upite juu ya mabati, kisha akaishika sentensi yake pale pale alipoiachia, bila ya kukunja uso wala kumkemea mtoto ambaye macho yake yamekwisha toka dirishani. Mambo madogo ya namna hii humjulisha mtu tabia ya mwalimu kuliko hati yoyote aliyotunukiwa chuoni, na mimi, kila nikitafakari maisha ya watu hawa ambao tumewakabidhi watoto wetu na aghalabu tukasahau kuwauliza habari zao wenyewe, huona kwamba sifa yao ya kwanza ni subira, na ya pili ni ile kazi waifanyayo baada ya kengele ya mwisho kulia, wakati ambapo hapana mkaguzi wala mwalimu mkuu awatazamaye.

Mchana wa mwalimu unajulikana, nami sitaurefusha. Kuna gwaride la asubuhi, rejista, azimio la kazi na maandalio ya somo; kuna juma la zamu, ambalo humtoa mtu kitandani kabla ya adhana; kuna watoto wa makuli wa bandarini, wa madereva, wa wavuvi na wa akina mama mboga, Mmijikenda na Mtaita na Mkamba na Mjaluo na Mswahili wa Mvita wakibanana katika dawati moja, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Jioni, malori ya makontena yatokayo Kipevu yakiwa yamejipanga barabarani, mwalimu hurejea nyumbani na bunda la insha kwapani, na baada ya sala na chakula na kuwasikiliza wanawe, ndipo anapoikalia meza yake.

Saa hizo ndizo nitakazo kuzitaja kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mwalimu yu huru kuchagua. Yuko apendaye bao, yuko wa kwaya ya kanisani, yuko wa bustani ya mchicha, na yote hayo ni mema. Lakini wako pia wale ambao shauku yao huwavuta kwenye lugha na kumbukumbu za watu wao, na kwa walimu wa namna hiyo mji wa Mombasa una deni ambalo hatujalihesabu sawasawa.

Ili deni hilo lieleweke, na tuanzie na jina la hapa petu. Hori la bahari la Port Reitz liliitwa kwa jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwezi wa Februari 1824, pale Kapteni Owen alipoitia Mombasa, iliyokuwa ikitawaliwa na Wamazrui, katika himaya ya Uingereza, na ambaye homa ilimwua mwezi wa Mei mwaka uo huo. Miezi michache ilimtosha kudumu katika ramani, kwa kuwa ramani na wino vilikuwa mikononi mwa wenzake. Na siku hizo hizo, ng'ambo kisiwani, alikuwako mshairi Muyaka bin Haji, aliyezitungia vita na siasa za mji wake, na mapenzi, na dhiki, na kejeli za barazani; naye alipofariki mwaka 1840, mashairi yake yalibaki zaidi katika vifua vya watu, yakingoja kufa pamoja nao mmoja baada ya mmoja.

Aliyeyaokoa alikuwa mwalimu. Jina lake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye mwishoni mwa karne ile alishirikiana na Mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo. Ugumu wa kazi yenyewe ni wajibu kuelezwa. Hati ya Kiarabu iliyotumika kuandikia Kiswahili ina alama tatu tu za irabu, hata *e* na *i* zikachanganyika, na *o* na *u* vivyo hivyo. Na baadhi ya konsonanti zetu hazina herufi zake katika alfabeti ya Kiarabu. Kwa hiyo mshororo mmoja waweza kusomwa kwa njia mbili au tatu, na asiyejua kisa kilichotungiwa shairi hawezi kuamua ipi ndiyo sahihi. Ilihitajika akili ya mtu aliyeijua Mvita ndani na nje, mwenye insafu ya kutotia neno lake mahali pa neno la marehemu. Karatasi hizo zilikwenda London, ambako zimehifadhiwa hata leo. Mhariri Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940, na Profesa Mohamed H. Abdulaziz akaandika kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979. Wote hao walijenga juu ya msingi wa mwalimu ambaye watu wengi wa Mombasa, walahaula, hawamjui hata kwa jina.

Karne iliyofuata alizuka mwingine, Shihabuddin Chiraghdin, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1934 na kuifanya kazi ya ualimu, na ambaye mapenzi yake kwa Kiswahili hayakuishia ubaoni. Ndiye aliyeihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971, na Malenga wa Mrima, ya Mwinyihatibu Mohamed, iliyotoka mwaka 1977. Pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania aliandika Historia ya Kiswahili, wakithibitisha kwamba lugha hii ni ya wenyeji wa pwani kwa asili yake, wala si zao la wageni waliokuja na majahazi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, Chiraghdin mwaka 1976, na kitabu kikatoka mwaka 1977. Mikono miwili iliyokiandika haikupata kukifungua kikiwa kimepigwa chapa. Nikilikumbuka hilo huzidi kuamini kwamba kazi za namna hii hufanywa kwa ikhlasi, maana malipo yake mara nyingi huwakuta wenyewe wamekwisha ondoka.

Ikiwa msomaji ataka kuiona ikhlasi hiyo kwa macho yake, na amtazame mwalimu anapolifundisha shairi. Huandika mshororo mmoja ubaoni, akaugawa kwa mstari katikati, kisha darasa zima hupiga makofi kwa kila silabi: mizani minane upande huu, minane upande ule, kumi na sita jumla. Mtoto aliyepata kumi na saba hasemezwi kwa ukali. Huambiwa apige makofi tena, pole pole, mpaka mkono wake umwonyeshe silabi iliyozidi. Hicho ni kipimo kile kile alichokitumia Muyaka, na humfikia mtoto wa kuli wa Changamwe kwa kiganja chake mwenyewe.

Na kazi ya kukusanya haijakwisha. Hori la Port Reitz lina misitu ya mikoko kandokando yake, na wazee waliokuwa wakikata boriti wangali wanautofautisha mkoko na mkandaa, muia na mchu, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Wanajua mti gani hujengea nyumba, gome lipi hutengenezea ngozi, na kwa nini mti fulani haukatwi. Watoto waliozaliwa kati ya makontena huiita yote mikoko, basi. Mtaala mpya wa umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya wana wao, na hapana mlango ulio wazi zaidi ya huo: mwanafunzi apewe swali aende nalo kwa babu yake, arudi na jina la mti, matumizi yake na kisa chake, naye mwalimu ayaandike jioni katika daftari moja lisilo la insha, aonyeshe pia nani alisema nini na mwaka gani. Kwa hilo mwalimu hahitaji idhini ya ofisi yoyote. Anahitaji jioni zisizojazwa mikutano, na mzazi wa kumkaribisha ukumbini na kumwita mzee aje akae naye.